Lori ya tano ndiyo huumia

Nikiambia watu nafuatilia sana mambo ya malori yanayojiendesha kwa msafara, swali huwa moja tu: sasa dereva ataenda wapi? Ni swali la maana na nitalifikia, lakini kwangu utamu hauko hapo. Kazi yangu ni kufunga gavana (kile kifaa cha kuzuia spidi) na traka (cha kuonyesha lori iko wapi) kwa malori hapa Nakuru, kutwa nzima niko chini ya dashibodi na tochi mdomoni, na kitu kinanisumbua akili ni lori ya tano. Ya kwanza inaona barabara. Ya pili inaona ya kwanza. Ya tano haioni kitu ila mlango wa kontena iliyo mbele yake, na ndiyo hulipa deni la wote.

Kama unakaa upande huu unajua naongea nini. Simama Salgaa jioni, hapa juu ya Nakuru, uangalie malori ya kwenda mpakani Malaba na Busia yakifuatana. Ya kwanza inagusa breki kidogo tu, labda boda imeingia barabarani bila kuangalia. Ya pili inakanyaga zaidi kidogo kwa sababu dereva amechelewa kuona zile taa nyekundu, ya tatu zaidi ya hapo, halafu ikifika ya tano ama ya sita unasikia tairi zinalia na tanboi, yule msaidizi wa dereva, amegonga kioo na kichwa. Ni kama uvumi wa kijijini, nyumba ya kwanza mtu ameumwa na kichwa tu, ukifika nyumba ya tano ashazikwa. Na yule aliyegusa breki mwanzo yuko mbele huko na safari yake, hana habari.

Chanzo ni kuchelewa. Gavana inamfunga dereva wa lori kwa 80, na kilomita 80 kwa saa ni mita 22 kila sekunde. Binadamu aliye macho, hajachoka, hana simu mkononi, anahitaji kama sekunde moja ama moja na nusu tangu aone taa hadi mguu ukanyage. Hapo lori ishakula mita 22 hadi 33. Ongeza breki za upepo, maana hewa lazima isafiri kwa mabomba hadi trela ya nyuma, hiyo ni karibu nusu sekunde ingine, mita 11 tena. Sasa rudia hiyo kuchelewa kwa kila lori kwa mstari, kila mmoja anaanza kuhesabu pale mwenzake amemalizia, ndio unaelewa kwa nini wa nyuma anapata habari ikiwa imeoza.

Kuna jaribio la Wajapani nalipenda sana, lilichapishwa 2008. Walipanga magari 22 kwa duara ya mita 230, wakaambia madereva waende tu kwa spidi moja, kama kilomita 30 kwa saa, hakuna taa, hakuna karao wa trafiki, hakuna makutano, hakuna mtu anauza mahindi choma kando. Baada ya muda mfupi jam ikaanza. Yaani bila sababu yoyote! Magari yanasimama yanaondoka, yanasimama yanaondoka, na lile wimbi la kusimama linatembea kurudi nyuma kwa kama kilomita 20 kwa saa huku magari yenyewe yanaenda mbele. Halafu 2018 watafiti wa Marekani wakatoa matokeo ya jaribio kama hilo walilofanya Tucson, Arizona, duara na magari kama 20 hivi, lakini moja wakaiwekea kompyuta ya kuendesha kwa utulivu, isiwe inakimbilia kila pengo linalofunguka mbele. Gari moja tu, na mawimbi yakapoa kwa wote. Mimi hiyo ilinikaa kichwani kushinda zile habari zote za magari yasiyo na usukani.

Kwa hivyo ukitaka kompyuta iendeshe msafara, swali la kwanza halihusu kamera wala ramani. Ni hili: mtikisiko ukianzia mbele, ukielekea nyuma unapungua ama unakua? Wahandisi wamelizungusha swali hili kitambo, Levine na Athans waliandika juu ya kuongoza mlolongo wa magari 1966, Peppard akaliendeleza 1974, wakati ambapo kompyuta ya kuingia ndani ya lori ilikuwa bado ndoto. Hesabu ilitangulia vifaa kwa miaka mingi.

Na hesabu yenyewe iko na mtego mmoja ambao ukiuelewa umeelewa karibu kila kitu, kwa hivyo nipe dakika. Tuseme umeambia kompyuta ikae mita 10 nyuma ya iliyo mbele, siku zote, spidi yoyote ile, na iko na rada peke yake. Ya mbele inashuka kutoka 80 hadi 70. Rada yako inaona pengo limepungua, unaanza kupunguza, lakini mpaka ufike 70 ushakula mita mbili za lile pengo. Sasa mko sawa kwa spidi lakini uko mita 8. Ili urudi mita 10 lazima kwa muda fulani uende polepole kuliko yeye, tuseme 68. Hakuna njia ingine, pengo haliwezi kuongezeka kama hujawa mwenda pole kumshinda. Haya, wa nyuma yako anakuona umeshuka hadi 68, na yeye kwa sababu ile ile lazima apite hapo, ashuke hadi 65. Anayemfuata 61. Hizo namba nimezitunga mimi kwa mfano, lakini mwelekeo ni huo. Na si shida ya programu mbaya ama rada ya bei rahisi, imethibitishwa kwa hesabu kwamba kwa sheria ya pengo lisilobadilika, ukiwa unategemea tu yule unayemuona mbele yako, tuni vile unataka, kuna mitikisiko itakua tu ikielekea nyuma. Unanunua sensa ya pesa nyingi na bado lori ya tano inaumia.

Njia ya kutoka ziko mbili. Ya kwanza ni kuacha kupima pengo kwa mita, upime kwa sekunde. Ukisema sekunde moja na nusu, kwa 80 hiyo ni mita 33, kwa 70 ni mita 29. Unaona? Yule wa mbele akipunguza spidi, na wewe pengo unalohitaji limepungua kwa mita nne, kwa hivyo zile mita ulizokula wakati unachelewa umesamehewa, huna haja ya kuzirudisha kwa kushuka chini kumpita. Ndio maana yale magari mapya yenye kruzi, yaani kompyuta ya kushika spidi, inayofuata gari la mbele hupimwa kwa sekunde. Lakini zile sekunde zikiwa chache, shida inarudi vile vile. Watafiti wa California walichukua Infiniti nne, wakalinganisha kruzi ya kawaida ya kiwandani na ile yao ya kuongea kwa redio, matokeo yakatoka 2014. Kwa ile ya kiwandani mtikisiko ulikua ukielekea gari la nne. Kwa ile ya redio ulitulia, na walikuwa wanafuatana kwa karibu zaidi.

Redio ndiyo njia ya pili, na hapo ndipo moyo wangu uko. Badala ya kungoja rada ione pengo limebadilika, lori ya mbele inakuambia moja kwa moja: nimekanyaga breki, nguvu ni hii. Unapata habari kabla pengo halijasonga hata kidogo. Kawaida wanatumia masafa ya gigahezi 5.9, ujumbe mfupi mara kama kumi kwa sekunde, yaani kati ya ujumbe mmoja na mwingine kwa spidi ya 80 lori imesonga mita mbili na kitu. Linganisha na zile mita 33 za binadamu. Na bado ile nusu sekunde ya breki za upepo iko, lakini sasa inaanza kwa wote karibu wakati mmoja, hivyo inajifuta yenyewe, mimi nimechelewa na wewe umechelewa tuko sawa.

Na kuna kitu kizuri zaidi, si lazima kila mtu amsikilize jirani yake peke yake. Wote wanaweza kumsikiliza kiongozi aliye mbele. Agosti 1997 kule San Diego, kwa barabara ya I-15, wale watu wa mradi wa PATH wa California walitembeza Buick nane kwa mstari, karibu kilomita 105 kwa saa, kati ya gari na gari mita sita na nusu tu. Mita sita na nusu! Na watu wamekaa ndani wakipungia kamera mkono. Siri yao ilikuwa hiyo, kila gari lilikuwa linapata habari za lililo mbele yake na pia za kiongozi, kwa hivyo la nane lilijua kiongozi amefanya nini karibu wakati mmoja na la pili. Ile namba tano yangu inakuwa kama namba mbili.

Kitu kingine walichotumia pale ni sumaku zilizozikwa kwa barabara kila mita 1.2 hivi, ili gari lijue katikati ya leni ni wapi. Niliposoma hiyo nilicheka peke yangu. Sumaku, kwa lami, barabara kuu, Kenya. Watu wa skrapu wangemaliza kabla ya wiki kuisha, hapa hata vyuma vya kando ya barabara tunavilinda kwa maombi.

Sasa mpangilio wa malori wenyewe. Mtu atafikiria lori yenye breki nzuri zaidi ndiyo iende mbele, si ndio kiongozi? Kumbe ni kinyume. Yenye breki dhaifu ama mzigo mzito ndiyo inawekwa mbele, yenye breki kali nyuma, kwa sababu anayehitaji kusimama haraka ni yule anayefuata. Ukiweka lori tupu mbele ya lori iliyobeba, siku ile tupu itasimama ghafla, iliyobeba itapitia juu yake. Sheria ya Afrika Mashariki inaruhusu hadi tani 56 kwa lori ya ekseli saba, na hiyo hiyo lori ikirudi Mombasa bila mzigo haina hata nusu ya uzito huo, ni mnyama mwingine kabisa. Kompyuta ya msafara lazima ijue uzito wa kila mmoja na hali ya breki ya kila mmoja, na hapo kwa hali ya breki, aki, mimi nimeona breki zetu. Nimeona slaki, kile chuma cha kurekebisha breki, imefungwa na waya. Utaandikaje hiyo kwa programu?

Tuje kwa pesa maana mwenye lori hatasoma haya yote asipoona pesa. Biashara nzima iliuzwa kwa jina la diseli. Malori yakifuatana karibu, ya nyuma inapata upepo kidogo, na hata ya mbele inafaidi kwa sababu ule mvuto wa hewa nyuma ya trela unapungua. Marekani 2013 kampuni moja inaitwa Peloton ilipima malori mawili kwa mita 11 hivi na spidi ya kilomita 100 na kitu, ya mbele ikaokoa 4.5% na ya nyuma 10%. Namba tamu sana. Ulaya nao 2016 wakaita watengenezaji sita wakubwa, DAF, Daimler, Iveco, MAN, Scania na Volvo, misafara ikatoka nchi tofauti mpaka Rotterdam, picha zikapigwa, mawaziri wakafurahi.

Halafu malori yakaenda kazini kwa barabara zenye watu. Ujerumani 2018 MAN na DB Schenker walikimbiza ya kwao kati ya Munich na Nuremberg, wakapata 3 hadi 4%. Januari 2019 Daimler wakasema hadharani kwamba faida ni ndogo kuliko walivyotarajia hata kwa hali nzuri, na wanaachana nayo, kwa sababu tena kila msafara ukikatwa katikati malori lazima yaongeze mwendo kujiunga tena na diseli iliyookolewa inarudi pale pale. Peloton yenyewe ikafunga 2021. Siku hizi pesa zimehamia kwa lori moja moja isiyo na dereva, kama zile kampuni ya Aurora walianza kukimbiza kati ya Dallas na Houston kule Marekani 2025.

Sasa chukua hiyo sababu ya Daimler uilete kwa barabara yetu. Ulaya gari dogo likijipenyeza katikati ya malori mawili ni tukio. Hapa kuanzia Gilgil mpaka Nakuru, pengo la mita 15 ni mwaliko. Probox itaingia, matatu itaingia, boda mbili zitaingia zikiwa na magunia, na kompyuta kila mara itafungua pengo kwa adabu, ingoje, ijaribu kufunga tena. Msafara wetu ungekuwa unafunguka na kufungika kama mtu anapumua. Nilimwambia shemeji yangu hii hadithi, yeye ni dereva wa trela ya Mombasa Kampala, akaniambia, "Shemeji, hiyo lori yako ya adabu haitawahi kufika Naivasha."

Na hata barabara ikiwa tupu, sisi tuko milimani. Upinzani wa hewa unategemea spidi mara spidi, ukishuka kutoka 80 hadi 20 unabaki na moja ya kumi na sita. Sasa Nakuru iko karibu mita 1,850 juu ya bahari na Timboroa inapita mita 2,700, lori iliyobeba ikitoka huku kwenda huko saa ngapi itafika 80? Inapanda ikilia kwa gia ya chini, mtu anatembea kando yake akiuza karoti. Hapo upepo hauna neno, kinachokula diseli ni mlima. Kwa hivyo ile faida iliyouzwa kwa tambarare za ng'ambo, kwetu ungeiona kwa vipande vipande, labda kule Mtito Andei na Voi, huku magharibi sahau.

Kushuka ndio kuna maajabu yake. Wasweden wa chuo cha KTH na kampuni ya Scania waliliangalia sana jambo la vilima, wakakuta kitu ambacho ukikifikiria ni wazi lakini mimi kilinishtua: lori ya nyuma ikiwa imefichwa upepo na ya mbele, mkianza kuteremka yenyewe inakimbia zaidi, kwa sababu haizuiwi na hewa, inamkaribia mwenzake, inalazimika kukanyaga breki. Yaani ile diseli uliyookoa inageuka moto kwa ngoma za breki. Dawa yao ni kuacha kila lori kuamua peke yake, msafara mzima unapangiwa spidi mapema kwa kutumia ramani ya mlima ulio mbele, ukiangalia lori dhaifu kuliko zote, yaani unapunguza kabla ya kufika ukingoni ili usihitaji kupunguza ukiwa katikati ya mteremko.

Nikisoma hiyo nafikiria Sachangwan, ule mteremko wa huku kwetu karibu na Salgaa. Nani hapa hafikirii Sachangwan. Januari 2009 lori ya mafuta ilianguka pale ikalipuka, watu zaidi ya 100 wakafa. Desemba 31, 2017 basi na lori pale Migaa, zaidi ya watu 30, ndio serikali ikaweka ukuta wa katikati kutenganisha leni. Juni 2023 ikawa zamu ya Londiani, trela ikatoka barabarani ikaingia kwa watu wakiwa kando na biashara zao, zaidi ya 50. Na ile stori ya madereva kuweka nyutro kwa mteremko ili wabane diseli kila mtu anaijua, gia inatolewa, injini haishiki tena, lori imebaki na breki peke yake, breki zinachemka, zinakataa. Mimi natengeneza traka, nimeona kwa data lori inashuka kwa spidi ambayo gavana haiwezi kuifanya kitu, kwa sababu gavana inakata mafuta tu, haikanyagi breki. Wengi wa wenye malori hawajui hiyo. Kuteremka na nyutro gavana yako ni pambo.

Ndio maana msimamo wangu ni huu, na nimebishana nao na watu kadhaa pale gereji: hii biashara ya kukaribiana mita 10 kwa ajili ya upepo waiache huko huko. Kitu cha kuchukua kutoka kwa utafiti wote huu ni ile redio. Kaeni mbali vile mnakaa, hata mita 50, dereva ashike usukani wake, lakini lori ya mbele ikikanyaga breki kwa nguvu malori matano nyuma yajue sekunde ile ile. Na lori ikianza kukimbia kwa mteremko bila gia, wanaoenda mbele yake waambiwe kuna mzigo unakuja kutoka nyuma, wapate nafasi ya kutoka. Hiyo haihitaji kompyuta ya kuendesha. Inahitaji kisanduku, antena na kitu cha kulia ndani ya kabini.

Si rahisi vile naandika, najua. Kontena ni chuma, ikikaa kati ya antena na antena mawimbi yanateseka, ndio maana wale wa majaribio hufunga antena mbili, moja kila kioo cha pembeni, ili kwa kona angalau moja ione mwenzake. Kona za mteremko zingenipa kazi. Halafu kuna ujanja, mtu akiwa na redio yake kando ya barabara akatangaza ujumbe bandia wa breki, malori yote yasimame usiku mahali hapana watu, na hapa kwetu unajua kitakachofuata ni kufunguliwa kwa turubai. Kwa hivyo kila ujumbe lazima uwe na sahihi ya kidijitali ya kuonyesha umetoka kwa lori ya kweli, na hiyo sahihi mtu aisimamie, ni nani? Ulaya walihangaika na kitu rahisi kuliko hicho, kufanya tu malori ya kampuni tofauti yaongee lugha moja, mradi wa ENSEMBLE ulianza 2018 na mpaka Septemba 2021 ndio wakaweza kutembeza malori saba ya kampuni tofauti pamoja karibu na Barcelona. Na wale wana malori mapya. Sisi kwa mteremko mmoja una Actros ya zamani iliyotoka Ulaya, Howo, FAW, Scania, na FRR iliyobeba kabichi, na ile ya kabichi hata waya za indiketa nimeunganisha mimi.

Kuhusu dereva sasa. Ule mradi wa SARTRE wa Ulaya ulioisha 2012 ulikuwa na lori mbele yenye dereva mtaalamu na magari madogo nyuma yanamfuata yenyewe, watu wanasoma gazeti ndani. Wazo la dereva mmoja kuongoza malori manne yasiyo na dereva limekuwepo kitambo. Shemeji hakuonekana kuogopa kazi yake hata kidogo, alikuwa na orodha ya maswali: tairi ikipasuka Burnt Forest nani anashuka? Karao akisimamisha ya tatu, ya kwanza inangoja? Malaba foleni ikiwa ndefu, nani anasogeza kila baada ya nusu saa na nani analala akilinda mzigo? Sikuwa na majibu, na sidhani wanaouza hizi ndoto wamewahi kulala Malaba.

Lakini alivyosikia ile ya kisanduku cha breki alinyamaza kidogo halafu akauliza swali bora kuliko yote: kitalia mara ngapi? Hapo amegusa ukweli, kwa sababu mimi ndiye huitwa kurudisha gavana zilizokatwa waya, na ninajua kitu kikimsumbua dereva kwa kabini kinaishi siku mbili. Kwa barabara yetu breki inaguswa kila dakika, kwa matuta, kwa mbuzi, kwa mashimo, kwa matatu. Kisanduku kikilia kila mara kitakatwa kabla ya Mau Summit. Kikingoja mpaka breki iwe kali sana, kitachelewa na hakina maana. Mahali pa kuweka huo mstari hapako kwa karatasi za San Diego wala za Sweden, inabidi uchukue data ya malori yanayopita hapa, kwa mlima na kwa tambarare, yakiwa na mzigo na yakiwa tupu, uone breki ya kawaida ya Salgaa inafananaje na ile ya hatari. Traka nyingi ninazofunga tayari zina sensa ya kupima mwendo ndani yake, wenye malori wanaangalia tu lori iko wapi na mafuta yamebaki ngapi. Nimeomba mmoja aniruhusu nisome zingine, amesema atafikiria. Shemeji amesema yake niifunge hata kesho, mradi isilie akiwa amelala.